Nina miaka 43, nataka kujifunza misingi ya Uyahudi: nianze na herufi, na Torati, au na Shabati?

#1 Fundi_Nyakato

Wakuu, habari zenu. Mimi ni fundi umeme, nipo Mwanza. Tangu mwaka jana nasoma habari za Uyahudi kidogokidogo, na sasa nataka nisome kwa mpangilio. Sijaamua kuhama dini, na habari za siasa za Mashariki ya Kati siziulizi hapa. Nataka kujua Wayahudi wanaamini nini, wanasali vipi, wanakula nini, vitabu vyao ni vipi.

Tatizo langu ni pa kuanzia. Nilijua Torati ni vitabu vitano, nikajiona nimeshavisoma tangu utotoni. Kumbe kuna Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi. Juu ya Mishna kuna Gemara, mjadala wake (viwili hivyo pamoja ndiyo Talmudi), juu ya Gemara kuna maelezo ya rabi anayeitwa Rashi, na pembeni ya Rashi kuna wajukuu zake wanaobishana naye kwenye ukurasa uleule!

Nimemwandikia barua pepe rabi mmoja wa nje mara mbili. Ya kwanza hakujibu. Ya pili alijibu sentensi moja tu: "Kwa nini unalitaka jambo hili?" Wiki nzima nimekaa nalo.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Mtu mzima aanzie wapi? Na kwa nini dini hii haimvuti mgeni ndani kama dini nyingine?

#2 Kijana_wa_Magomeni

Nafuatilia uzi. Ila mkuu, fundi umeme unakwenda kwenye dini ambayo Jumamosi hawagusi swichi?

#3 Sabato_Njema

Karibu ndugu yangu. Sisi Waadventista wa huku Mara tunaishika Sabato tangu Ijumaa jua linapozama, kwa hiyo nusu ya safari tunaijua. Ushauri wangu ni mwepesi: soma Agano la Kale lote kwa utulivu. Uyahudi ndio huo, hakuna kilichofichwa.

#4 Mwalimu_Pangani

Ndugu yangu wa #3, kwa heshima zote, hapo si sahihi.

Kwanza, Myahudi hasemi "Agano la Kale", maana kwake hakuna jipya lililofuata. Anasema Tanakhi, na hilo ni jina la kufupisha: Torati, Manabii, Maandiko. Idadi ya vitabu ni 24. Yaliyomo ni yaleyale ya vitabu 39 vya Biblia ya Kiprotestanti, ila wao Samweli ni kimoja, Wafalme kimoja, na manabii wadogo 12 wamefungwa pamoja. Mpangilio nao ni tofauti. Danieli hayumo katika Manabii, yumo katika Maandiko. Na Tanakhi yao haiishii kwa Malaki, inaishia Mambo ya Nyakati, pale Koreshi anapowaruhusu watu wapande kwenda Yerusalemu.

Pili, na hili ndilo kubwa, Uyahudi wa leo hausimami juu ya maandishi matupu. Unasimama juu ya namna marabi walivyoyasoma. Torati inasema usifanye kazi siku ya saba, lakini kazi ni ipi? Mishna, iliyokusanywa na Rabi Yehuda HaNasi kwenye mwaka 200 BK, inataja aina 39 za kazi. Ukifungua Kutoka 20 peke yake hutaziona.

#5 Sabato_Njema

Asante mwalimu kwa masahihisho. Hiyo ya 39 sikuijua. Lakini bado nasema aanze na Neno. Maelezo yatafuata.

#6 MtotoWaTanga_Maryland

Shalom wakuu. Naandika kama mtu aliyeipita njia hii. Nilianza na miaka 38, huku Marekani, na mpaka kukamilika ilinichukua miaka mitatu na miezi kadhaa.

Fundi, nilifanya kosa ambalo naona unakaribia kulifanya. Mwaka mzima nilisoma vitabu peke yangu chumbani. Nikawa na maneno mengi kichwani, sijawahi kukaa meza moja na Myahudi siku ya Ijumaa usiku. Siku niliyoalikwa mara ya kwanza nilielewa mambo ambayo vitabu sita havikunifundisha. Mama wa nyumba aliwasha mishumaa dakika 18 kabla ya jua kuzama, akafunika macho kwa viganja, akasoma baraka. Baba akaweka mikono juu ya vichwa vya watoto, mmoja mmoja, akawabariki. Mvinyo ukabarikiwa, mikono ikanawishwa, na baada ya kunawa hakuna aliyesema neno mpaka mkate umebarikiwa. Mimi nikawa natoa shukrani kwa sauti katikati ya ukimya ule! Mtoto wa miaka saba akaniwekea kidole mdomoni.

Kwa hiyo jibu langu ni: anza na Shabati. Dini hii watu huiishi kwanza, kuieleza huja baadaye.

#7 Ustadhi_wa_Mvita

Assalaam aleikum nyote. Mimi ni Muislamu, ila somo hili nalipenda kwani ni jirani.

Hilo la siku kuanza jua likizama si geni kwetu watu wa pwani. Bibi yangu akikwambia "njoo usiku wa Ijumaa" alikuwa na maana ya ule usiku ninyi wa bara mnaouita Alhamisi usiku. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Vivyo hivyo kwa Wayahudi, na wao hushika pale kwenye Mwanzo: ikawa jioni, ikawa asubuhi, siku moja.

La pili ni saa. Mishna katika mlango wa kwanza wa kitabu chake cha Berakhoti inauliza Shema ya asubuhi, yaani ile "Sikia, Ee Israeli", isomwe mpaka lini, na Rabi Yehoshua anasema mpaka saa tatu. Saa tatu hiyo si ya Mzungu. Wao huugawa mchana mafungu 12, na fungu la kwanza huanza asubuhi. Sasa London wakati wa joto fungu moja linapita dakika 80, na wakati wa baridi linashuka mpaka kama 40. Wanahitaji jedwali. Sisi huku karibu na ikweta fungu ni takriban dakika 60 mwaka mzima, na tayari tunaita saa tatu, saa tatu. Mswahili anasoma ile Mishna na saa ya mkononi inamjibu.

#8 Fundi_Nyakato

Ustadhi, hili la saa limenisisimua. Nimelisoma mara mbili.

#9 Kalamu_Nyeusi

Tena Kiswahili chenyewe kimetoka Kiebrania. Angalia: sadaka, wao tzedaka. Roho, ruakh. Nafsi, nefesh. Baraka, berakha. Malaika, malakh. Yatima, yatom. Elfu, elef. Arobaini, arbaim. Hata Sabato inatokana na saba, siku ya saba. Waswahili ni wana wa Israeli waliopotea, watu hawataki kusema.

#10 Mwalimu_Pangani

Kalamu, orodha yako ni nzuri sana, hitimisho lako limeteleza. Maneno hayo tuliyapata kwa Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa familia moja ya lugha. Ukifanana na binamu ya jirani yako haina maana jirani alikuzaa. Kiswahili ni Kibantu kwa mifupa yake: ngeli, viambishi, vitenzi.

Na shabati haitokani na saba. Kiebrania cha saba ni sheva. Shabati inatoka kwenye kitenzi cha kukoma, kuacha kazi. Mizizi miwili tofauti, ingawa masikio yanadanganya.

Lakini kwa Fundi orodha hii ina faida ya kweli. Mtu mzima akijifunza lugha mpya hutafuta pa kushika, na Mswahili ana maneno mengi ya kushika kabla hajafungua kitabu. Ndiyo maana mimi nasema aanze na herufi. Ni 22 tu, tano kati yake hubadilika umbo zikikaa mwisho wa neno. Mwezi mmoja unatosha ukisoma nusu saa kila siku.

#11 Ustadhi_wa_Mvita

Na asichanganye siku. Sisi Jumamosi ni mosi, yaani ya kwanza baada ya Ijumaa. Wao ya kwanza ni Jumapili, wanaiita yom rishon, na Jumamosi ndiyo Shabati yenyewe. Anayetafsiri haraka hujikuta amepishana siku nzima.

#12 Mlima_Elgon

Habari za huko. Nawasalimu kutoka Mbale, Uganda. Mnazungumza kama vile Wayahudi wapo Maryland tu. Panda basi uje kwetu!

Mimi si mmoja wao, lakini nimekua nao vijijini hapa, na baadhi ya rafiki zangu wa shule ni Abayudaya, yaani Wayahudi wa huku Uganda. Kilima cha Nabugoye kina sinagogi. Zaburi wanaziimba kwa Luganda na kwa Kiebrania, na ukiwa barabarani Ijumaa jioni unasikia.

#13 Kijana_wa_Magomeni

Hao si ndio wale waliopewa Uganda na Mwingereza? Nimesoma mahali.

#14 Eldo_Mkulima

Hapana kijana. Usichanganye mambo mawili. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa Wazayuni wazo la kukaa Afrika Mashariki. Watu wakauita "Mpango wa Uganda", lakini ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, huku kwetu Kenya, ninapolima mahindi. Tume ilikuja kukagua, na mkutano wao wa 1905 ukakataa. Hakuna taifa lililohamia. Wayahudi waliokuja Kenya walikuja mmoja mmoja na familia zao, na sinagogi lao Nairobi lipo mpaka leo, katikati ya mji.

#15 Mlima_Elgon

Asante sana Eldo. Abayudaya hawakuletwa na mtu. Walianza na Semei Kakungulu, mkuu wa vita wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuishika mashariki ya Uganda, halafu wakamnyima alichotarajia. Alikuwa anasoma Biblia kwa bidii. Alipofika kwenye tohara alisema imeandikwa, basi tutatahiri. Wakamwambia hiyo ni ya Wayahudi. Akajibu kwamba basi kuanzia leo sisi ni Wayahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Alikuwa mtu mzima kuliko wewe Fundi, na hakuwa na mwalimu hata mmoja. Alikuwa na Biblia tu.

Baadaye, 1920, alikutana na mfanyabiashara Myahudi anayekumbukwa kwa jina la Yosefu, aliyekaa naye miezi kadhaa akimfundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Kakungulu alifariki 1928. Enzi za Idi Amin dini hiyo ilipigwa marufuku, na waliobaki waliendelea kwa siri mpaka wakapungua kufika mamia machache.

#16 Sabato_Njema

Mnaona? Kakungulu alianza na Neno peke yake. Nashukuru.

#17 MtotoWaTanga_Maryland

Alianza na Neno, ndiyo, lakini malizia hadithi ndugu yangu. Mwaka 2002 lilikuja baraza la marabi wa tawi la Conservative, na karibu watu 400 wakathibitishwa rasmi: maswali mbele ya waamuzi watatu, kuzama majini. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, akaenda kusoma Los Angeles, akawekewa mikono kuwa rabi mwaka 2008, akarudi nyumbani. Yaani jumuiya iliyoanza bila mwalimu ilitafuta mwalimu kwa miaka 80.

Hata sasa Waorthodoksi wengi hawaukubali uthibitisho ule, kwa sababu ya tawi lililoutoa. Mkuu Fundi, hilo lijue mapema: swali la "nani ni Myahudi" lina majibu zaidi ya moja kutegemea unamuuliza nani. Kwa sheria ya marabi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeingia kwa utaratibu. Utaratibu upi, hapo ndipo wanapotofautiana.

#18 Mlima_Elgon

Kweli. Na hapa Mbale wapo wa Putti waliotaka njia ya Kiorthodoksi tangu mwanzo. Ni majirani, wanaoana, wanazikana, ila katika hilo hawajakubaliana.

#19 Mchungaji_Iringa

Bwana asifiwe. Nauliza kwa nia njema. Kuna vikundi siku hizi vinavaa shali za maombi, vinapiga shofari, vinasema vinafuata mizizi ya Kiebrania na bado vinamkiri Yesu. Je, huko si mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu kama Fundi? Yumo nyumbani, na anajifunza.

#20 MtotoWaTanga_Maryland

Mchungaji, shikamoo. Nilipita huko miezi minane kabla ya kujua tofauti, kwa hiyo nasema bila dharau. Ni Ukristo wenye mavazi ya Kiyahudi. Matawi yote makubwa ya Uyahudi, Waorthodoksi, Conservative, Reform, yanagombana karibu kwa kila kitu, lakini kwa hili wako pamoja: anayemkiri Yesu kuwa Masihi na Mungu yuko ndani ya Ukristo. Anayetaka kuujua Uyahudi aende kwa Wayahudi. Kikundi nilichokuwemo kiliniuzia "jina la Kiebrania" kwa pesa. Kwa rabi sikutozwa hata senti kwa jina.

#21 Mchungaji_Iringa

Marahaba. Nimekuelewa, ingawa sikubaliani na yote. Mungu akubariki.

#22 Nuru_Bukoba

Narudi kwenye swali la pili la mwanzisha uzi, naona limerukwa. Kwa nini hawakaribishi watu? Mimi nilifundishwa chuoni kwamba ni sababu ya Naomi. Katika kitabu cha Ruthu anawaambia wakwe zake "rudini" mara tatu, na marabi wakajifunza humo: mgeni msukume mara tatu, akirudi mara ya nne mpokee. Ruthu hakurudi nyuma. "Watu wako watakuwa watu wangu, na Mungu wako atakuwa Mungu wangu." Na tazama ametoka nani kwake: mfalme Daudi.

#23 Eldo_Mkulima

Hiyo ni sababu ya kuhubiri. Sababu ya historia ni sheria za wafalme. Dola ya Roma ilipokuwa ya Kikristo ilifanya kumwingiza mtu Uyahudini kuwa kosa la jinai, na chini ya watawala wa Kiislamu Muislamu aliyehama dini hatari yake ilijulikana. Ukifungua mlango unaletea kijiji chako askari. Karne kadhaa za hofu hiyo zikawa tabia. Kabla ya hapo hawakuwa hivyo. Karne ya pili KK mtawala wao na kuhani mkuu, Yohane Hirkano, aliwatiisha Waedomu na kuwatahiri kwa nguvu. Mwanahistoria wao wa kale, Josephus, ameandika.

#24 Ustadhi_wa_Mvita

Na ipo sababu ya tatu, ya itikadi. Wao hawaamini kwamba asiye Myahudi amepotea. Wanasema wana wa Nuhu wana amri saba: usiabudu sanamu, usimtukane Mungu, usiue, usizini, usiibe, usile nyama ya mnyama aliye hai, na muweke mahakama. Ukizishika, una fungu lako katika ulimwengu ujao. Sasa kwa nini nikutwike amri 613 za Torati wakati saba zinakutosha?

#25 MtotoWaTanga_Maryland

Zote tatu nimezisikia kwa walimu wangu, na kila mmoja aliapa ya kwake ndiyo. Naongeza ya nne kisha naivuruga. Ya nne: ni kuingia ukoo, si kukubali hoja. Mtu hajiungi na ukoo kwa kusaini fomu.

Kuivuruga: fungueni Talmudi, kitabu cha Yevamoti, ukurasa wa 47. Inasema ajaye aulizwe, "Umeona nini hata ukaja? Hujui kwamba Israeli siku hizi wanateswa na kuonewa?" Akisema, "Najua, na mimi sistahili", anapokewa papo hapo. Anafundishwa amri chache nyepesi na chache nzito, na asisumbuliwe kupita kiasi. Mara tatu za Naomi zimo kwenye Midrashi, yaani mahubiri ya marabi juu ya Maandiko. Kwenye ukurasa wa sheria mgeni anaulizwa swali moja tu.

#26 Fundi_Nyakato

Subiri. Swali moja tu? "Umeona nini hata ukaja?"

Yule rabi aliniuliza "kwa nini unalitaka jambo hili". Nilidhani ananifukuza.

#27 Nuru_Bukoba

Huenda alikuwa anakufungulia. Sijui, simjui mtu yule. Ila ukurasa wa Yevamoti haufuti Midrashi, zote zimesomwa na watu walewale.

#28 Mama_Longido

Nimefika kwa kuchelewa, samahani. Nauliza la jikoni. Nasikia hawali nyama na maziwa pamoja, vyombo mbalimbali, na wanasubiri masaa. Kimila sisi Wamasai pia hatuchanganyi maziwa na nyama siku moja. Babu alikuwa mkali kwa hilo. Je, tumetoka kwao?

#29 Mwalimu_Pangani

Mama, shikamoo. Kufanana si kutokana, kama nilivyomwambia Kalamu. Kwenu nilivyoelezwa ni kwa ajili ya ng'ombe aliye hai, usimdhuru anayetoa maziwa. Kwao chanzo ni mstari mmoja unaorudiwa mara tatu katika Torati: usimtokose mwanambuzi katika maziwa ya mama yake.

Sababu yake wenyewe hawajamaliza kuijadili. Rambamu, yaani Maimonides, rabi na mwanafalsafa, katika *Mwongozo kwa Waliofadhaika* alikisia kuwa ni desturi ya ibada ya sanamu. Wengine wanasema ni huruma: maziwa yaliyokuja kumlisha usiyafanye ya kumpikia. Ukitaka maoni yangu, ya huruma inanigusa zaidi, na iko karibu na ya babu yako kuliko ya Rambamu.

#30 Mama_Longido

Marahaba mwanangu. Nimeipenda hiyo. Nitamsimulia kaka yangu.

#31 Kijana_wa_Magomeni

Wazee, swali langu la #2 halikuwa utani kabisa. Umeme haukuwepo wakati wa Musa. Nani aliamua kwamba swichi ni kazi? Mtu anabonyeza kwa kidole, hachoki.

#32 MtotoWaTanga_Maryland

Kijana, umegusa mahali ambapo marabi wamekesha kwa zaidi ya miaka mia. Kazi ya Shabati haipimwi kwa jasho. Zile 39 ni kazi za ustadi zilizotumika kujenga hema la kukutania: kupanda, kufuma, kushona, kuandika, kuwasha moto, kujenga. Kuhamisha meza nzito ndani ya nyumba unaweza. Kuandika herufi mbili huwezi.

Umeme sasa. Balbu ya zamani wengi walisema ni moto, kwa kuwa uzi wa chuma unawaka mpaka mwekundu. Rabi Yitzhak Schmelkes wa Lvov alisema unazaa kitu ambacho hakikuwepo, yaani nguvu ndani ya waya. Rabi Avraham Yeshaya Karelitz, maarufu kama Hazon Ish, aliyefariki 1953, alisema ni kujenga: waya uliokatika ulikuwa mfu, ukiuunga umekuwa kitu kizima. Wengine wakasema ni pigo la mwisho la nyundo, yaani kukamilisha chombo.

#33 Fundi_Nyakato

Ndugu zangu, hapa ni nyumbani kwangu, niacheni niseme.

Hazon Ish ameona jambo ambalo fundi analiona. Swichi ikiwa wazi, saketi haijakamilika. Unachofanya unapobonyeza ni kuunga njia. Lakini nina pingamizi: swichi imetengenezwa ili ifungwe na kufunguliwa mara elfu. Mlango wa nyumba nikiufunga sijengi ukuta! Kujenga ni kitu cha kudumu. Mimi nikiunga waya kwa koleo na gundi, hapo sawa, nimejenga. Swichi ni mlango.

Na ile ya moto inakufa kwenye LED. Hakuna uzi unaowaka mle.

#34 MtotoWaTanga_Maryland

Fundi. Hilo la mlango ni karibu neno kwa neno pingamizi la Rabi Shlomo Zalman Auerbach wa Yerusalemu. Alizipitia hoja zote moja moja, akaona hakuna inayosimama kikamilifu kwa vifaa visivyo na moto wala joto, na bado akasema haturuhusu, kwa kuwa Israeli wote wameshaipokea desturi hiyo. Umefika alipofika kwa kutumia koleo.

#35 Ustadhi_wa_Mvita

Mashallah. Na je, ukitegesha kabla ya Ijumaa jioni, kwa saa ya kujizima?

#36 MtotoWaTanga_Maryland

Nyumba nyingi ndivyo zinavyofanya, taa zinajizima zenyewe usiku. Friji nayo: taa ya ndani huzimwa kabla ya Shabati ili ukifungua mlango isiwake.

#37 Fundi_Nyakato

Jana usiku sikulala vizuri. Nilichukua daftari la kazi, nikachora saketi nne na mbele ya kila moja nikaandika hoja ya rabi mmoja. Mke wangu akaniuliza ninamfungia nani umeme. Nikamwambia Hazon Ish.

#38 Mwalimu_Pangani

Haya, nakubali kushindwa kwa hoja yangu ya herufi, lakini sijashindwa kabisa. Talmudi, kitabu cha Shabati, 31, ukurasa uleule wenye rabi wa kale Hilleli na mtu aliyetaka kufundishwa Torati yote akiwa amesimama kwa mguu mmoja, kuna kisa kingine kifupi. Mgeni anamwambia Hilleli: nifundishe Torati iliyoandikwa, ile ya mdomo siiamini. Hilleli akamfundisha alef, bet, gimel, dalet. Kesho yake akamgeuzia. Mtu akasema, jana hukuniambia hivi! Hilleli akamjibu: hata herufi umeziamini kwa mdomo wangu, basi niamini na kwa hayo mengine.

Kwa hiyo herufi zenyewe zinadai mwalimu. Na kuhusu umri: Rabi Akiva alikuwa na miaka 40 hajui hata alef. Aliona jiwe kisimani lililotobolewa na matone ya maji, akaenda kwa mwalimu wa watoto. Ubao aliushika yeye upande mmoja na mwanawe upande mwingine.

#39 Sabato_Njema

Mimi bado nasema Neno kwanza. Ila nimeanza kusoma fungu lao la wiki. Torati imegawanywa mafungu 54, kila wiki linasomwa moja, wiki nyingine mawili, na mwaka ukiisha wanaanza tena Mwanzo siku ileile. Fundi, hilo halihitaji rabi wala nauli. Tusome pamoja.

#40 Fundi_Nyakato

Nimemjibu rabi. Sikumwandikia sababu za maisha yangu, maana kila niliyoiandika ilionekana ya uongo nikiisoma tena. Nilimtumia pingamizi la swichi na mlango, pamoja na mchoro.

Amejibu ndani ya saa moja. Mistari mitatu. Ameniuliza swichi ya kupunguza mwanga taratibu naiweka wapi, maana hiyo haifungi wala haifungui. Halafu akauliza: "Una mtu wa kusoma naye?"

#41 Ustadhi_wa_Mvita

Wana msemo wa Kiaramu katika Talmudi: *o havruta o mituta*. Ama mwenza ama mauti. Kalamu, chukua hilo la mauti uongeze kwenye orodha yako, lakini usituhamishie Babeli.

#42 Kalamu_Nyeusi

Nimeliongeza, ustadhi. Na la wana wa Israeli nimelifuta, mwalimu.

#43 MtotoWaTanga_Maryland

Fundi, nipo. Jumapili saa tatu usiku ya huko Mwanza, kwangu ni mchana. Tuanze Berakhoti, Mishna ya kwanza: Shema ya jioni inasomwa tangu saa ngapi. Swichi ya kupunguza mwanga uniachie wewe unieleze inavyofanya kazi, maana sielewi.

#44 Fundi_Nyakato

Saa tatu usiku, sawa. Mwalimu, herufi nimefika ya kumi na moja. Bet na kaf zinanichanganya, zinafanana kama soketi mbili. Kuna alama ya kuzitofautisha?

#45 Mwalimu_Pangani

Ipo. Bet ina kijimkia chini kulia, kaf imeviringa. Kesho nitakuchorea.